Miaka kumi na sita kabla ya dhahabu

Mwaka 1989 Anette Norberg, binti wa Uswidi mwenye miaka 22, alicheza ubingwa wa dunia wa mchezo wa kalingi akarudi bila dhahabu. Mwaka 1991 akacheza tena, akaikosa tena. Mwaka 2001 akafika fainali, na Kanada ikamfunga. Dhahabu yake ya kwanza ya dunia ilikuja mwaka 2005, mjini Paisley, Uskoti. Alikuwa na miaka 38, mama wa watoto wawili, na siku za kazi alikwenda ofisini kama watu wengine. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki. Miaka minne baadaye akaichukua tena, na kabla yake hapakuwa na nahodha yeyote wa kalingi, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kuitetea dhahabu hiyo akabaki nayo.

Wanaoandika habari zake huanzia kwenye zile dhahabu mbili za Olimpiki. Mimi naona tuanzie kwenye ile miaka kumi na sita. Tangu mwaka 1989 hadi dhahabu ya kwanza, mwanamke huyu alizaa, akalea, akafanya kazi, akashindwa mbele ya macho ya watu, na kila msimu wa baridi ulipoingia alikuta nafasi yake ipo. Naandika kwa ajili ya nafasi hiyo. Kwetu Tanzania wanawake wanamichezo hawaikuti, na nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe sikuikuta.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nahudumia wazee katika mji wa Sundsvall, upande wa kaskazini ya Uswidi. Härnösand, mji mdogo wa pwani alikozaliwa Anette mwaka 1966, uko jirani nasi; ukiifuata barabara ya pwani kwenda kaskazini hufikishi saa nzima. Mchezo huu nilifundishwa na wazee ninaowahudumia. Kukiwa na mashindano ya kalingi, televisheni ya sebuleni haizimwi, na chakula kinasubiri. Mwanzoni niliona watu wanasukuma mawe na kufagia sakafu, sikuelewa kwa nini wazee wamenyamaza hivyo. Bibi mmoja (wenyeji humwita kwa jina lake tupu, mimi nimeshindwa, namwita bibi) akanipangia vikombe vya kahawa mezani, vyeupe upande huu na vya bluu upande ule, akanieleza taratibu mpaka nikaelewa.

Timu ni watu wanne. Kila mmoja anarusha mawe mawili, kwa hiyo raundi moja ina mawe kumi na sita. Jiwe ni la mwamba wa itale, uzito wake unakaribia kilo 20, na mawe yanayotumika kwenye mashindano makubwa hutokana na kisiwa kidogo cha Ailsa Craig, karibu na pwani ya Uskoti. Njia ya barafu ina urefu wa mita 45 hivi, na mwisho wake kuna duara. Jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo lenye pointi, pamoja na mengine ya timu hiyo yaliyolitangulia jiwe bora la mpinzani. Barafu yenyewe hunyunyiziwa matone ya maji yakaganda yakawa vipele, jiwe likateleza juu ya vipele hivyo huku likijipinda polepole. Wanaofagia mbele ya jiwe wanaipasha barafu joto kidogo, jiwe lipate kwenda mbali zaidi na lisipinde sana. Nahodha anasimama mwisho wa njia, anasoma barafu, anaonyesha kwa ufagio jiwe lilengwe wapi, na anapiga kelele za kufagia au kuacha. Kisha, katika timu nyingi, yeye ndiye anayerusha mawe mawili ya mwisho. Makosa ya wenzake watatu yote yanamfikia yeye mkononi.

Jambo lililonishika zaidi ni hili: anayepata pointi katika raundi anampa mpinzani wake haki ya kurusha jiwe la mwisho raundi inayofuata. Haki hiyo ni mali. Kwa hiyo nahodha mzoefu, akiona raundi itampa pointi moja tu, mara nyingi analipitisha jiwe lake la mwisho liende zake, raundi iishe bila mtu kupata kitu, abaki na jiwe la mwisho kwa raundi nyingine atakapoweza kupata mbili au tatu. Kijana anaona pointi anaichukua. Mtu mzima anaiacha. Bibi alipofika hapo alinitazama kuona kama nimeelewa, nikamwambia nimeelewa vizuri, kwa sababu nilikulia mtaa wenye baraza la bao, na pale hakuna aliyewahi kumwambia mzee wa miaka sabini apishe vijana. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kumtazama kwa sababu ya umri wake, kwa kuwa alikuwa anaona mbele mitaji ambayo vijana hawajaanza kuiona.

Anette ni mtaalamu wa hesabu za bima. Kazi yake ofisini ilikuwa kupima hatari: uwezekano wa jambo baya kutokea, na gharama yake likitokea. Sitaki kudai kwamba ofisi ndiyo iliyomfundisha kalingi, maana alikuwa bingwa wa Ulaya tangu mwaka 1988. Lakini nasema ofisi haikumzuia, na nadhani ilimsaidia. Mtu anayeshinda na hesabu za maafa ya watu wengine mchana kutwa, usiku hawezi kutetemeshwa na jiwe moja.

Tazama fainali ya Olimpiki ya mwaka 2006, iliyochezwa Pinerolo karibu na Turin, Italia. Uswidi na Uswisi walimaliza raundi kumi wakiwa sawa, 6-6. Raundi ya nyongeza ikafika mpaka jiwe la mwisho, na jiwe hilo lilikuwa la Anette. Alihitaji kuyaondoa mawe mawili ya Uswisi kwa pigo moja. Akayaondoa. Alikuwa na miaka 39. Nimeitazama picha hiyo ya video na wazee wangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kinachonivutia ni mwendo wake kabla ya kurusha. Anaweka mguu, anafuta jiwe, anachuchumaa, anakwenda. Hakuna haraka. Ni mtu ambaye ameshaikosa dhahabu ya dunia mara kadhaa na anajua kwamba ukipoteza, kesho unaamka, watoto wanataka kifungua kinywa, unakwenda kazini.

Wenzake walikuwa Eva Lund, Cathrine Lindahl ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, na Anna Le Moine. Kocha wao Stefan Lund ni mume wa Eva. Wanawake hao wanne hao hao, wote wakiwa wamevuka thelathini, ndio waliokwenda Vancouver mwaka 2010 kucheza fainali na Kanada mbele ya Wakanada waliojaza ukumbi. Raundi ya kumi ilipoanza Kanada ilikuwa mbele 6-4. Waswidi wakapata mbili, wakasawazisha. Raundi ya nyongeza jiwe la mwisho lilikuwa mikononi mwa Cheryl Bernard, nahodha wa Kanada. Likakosa, na Uswidi ikashinda 7-6. Katika mchezo huu kuiba pointi wakati mpinzani ndiye mwenye jiwe la mwisho ni jambo gumu. Kufanya hivyo kwenye fainali ya Olimpiki, ugenini, kunahitaji watu wanaojuana kiasi kwamba hawaambiani mengi. Kujuana huko hakununuliwi kwa kambi ya wiki tatu.

Najua kuna msomaji atakayesema: huo ni mchezo wa kuteleza na kufagia, hauna mbio, ndiyo maana mama wa miaka 43 anaweza. Hoja hiyo naiheshimu, na sehemu yake ni kweli. Mkimbiaji wa mita mia hawezi kushindana na umri. Lakini nimeshawahi kushika ufagio wa kalingi katika ukumbi wa mji wetu, siku wanayowakaribisha watu wasiojua, na nawaambia kufagia barafu kwa nguvu zote kwa mita thelathini, mara kwa mara, kwa saa mbili na nusu, si kazi ya mtu mvivu. Mikono na mapafu vinawaka. Na hata kama mchezo wenyewe unamruhusu mtu mzima, bado lazima klabu imruhusu. Netiboli nayo ina nafasi ambazo akili na shabaha vinazidi mbio. Mfungaji wa netiboli anacheza ndani ya duara lake na sehemu ndogo ya uwanja, anapiga amesimama, na mkono wake hauzeeki akiwa na miaka thelathini na miwili.

Mimi nilikuwa mfungaji. Nilichezea timu ya netiboli ya taasisi moja kabla sijaondoka nyumbani, na sitaitaja kwa jina kwa kuwa ilivyofanya ndivyo zilivyofanya nyingine nyingi. Nilipopata ujauzito nikapewa pongezi na kitenge. Mtoto alipoanza kukaa nikarudi mazoezini, nikakuta jezi yangu amevaa msichana mwingine, mchezaji mzuri, sina ugomvi naye. Hakuna aliyenifukuza wala aliyeniambia neno baya. Kocha alinisalimia, akaniuliza habari za mwanangu, akaniambia sasa nimekuwa mama, nipumzike, niwaachie wadogo zangu. Alisema kwa upole kabisa, na nadhani aliamini ananihurumia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Anette katika umri huo alikuwa ameshaikosa dhahabu ya dunia mara mbili, na bado alikuwa na miaka kumi na miwili ya kungoja dhahabu.

Upole ule ndio ninaoupinga. Ukimfukuza mtu kwa ubaya atajitetea, atakwenda kwa katibu, atakwenda kwa wazee. Ukimwambia apumzike anatoa shukrani na kuondoka. Wanawake wangapi wa netiboli, wa riadha, wa mpira wa wavu, wameondoka hivyo, wakiwa wamebeba ujuzi wa miaka kumi ambao timu iligharamia? Mwanamume mchezaji akipata mtoto hakuna anayemwambia apumzike. Anashangiliwa, na Jumamosi yuko uwanjani.

Nisionekane nadhani Uswidi ni pepo. Ninaishi hapa, najua baridi yake na upweke wake, na najua wapo wanamichezo wanawake hapa wanaolalamika kwamba wanaume wanalipwa zaidi. Lakini kuna mambo yaliyomweka Anette kwenye barafu, na hayakuanguka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1974 nchi hii imempa baba haki ya likizo ya mtoto sawa na mama. Siku hizi wazazi wawili wanagawana siku 480 kwa kila mtoto. Zipo shule za awali za watoto wadogo ambazo mzazi wa kipato cha kawaida anazimudu. Na zipo klabu. Hili la klabu ndilo nililochelewa kulielewa. Klabu ya kalingi katika mji mdogo kama Härnösand haikusanyi watu kwa ajili ya mashindano ya mwaka huu halafu wakatawanyika. Ni mali ya wanachama wake. Mtu anaingia akiwa mtoto, analipa ada yake ya mwaka, anafundishwa na watu wazima wanaojitolea, akikua naye anafundisha, akizeeka anacheza na wazee wenzake asubuhi. Mama aliyejifungua hahitaji kuomba arudishwe, kwa kuwa hakuna siku aliyotoka. Kadi yake ya uanachama iko palepale.

Wala Anette si muujiza wa peke yake. Kabla yake kulikuwa na Elisabet Gustafson, daktari wa upasuaji, aliyekuwa nahodha wa timu iliyotwaa ubingwa wa dunia mara nne: 1992, 1995, 1998 na 1999, na kuleta shaba kutoka Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, ya kwanza kwa mchezo huu kutolewa medali rasmi kwa wanawake. Hebu fikiria: miaka mingi ambayo Anette alikuwa anaitafuta dhahabu, nchini mwake mwenyewe kulikuwa na daktari aliyemzibia njia. Mwaka 2001 Anette alikuwa bingwa wa Ulaya, lakini waliokwenda Olimpiki ya Salt Lake City mapema mwaka 2002 walikuwa Gustafson na wenzake. Mtu mwingine angesema basi, nina watoto, nina kazi, nimejaribu. Yeye akaendelea kuchukua ubingwa wa Ulaya kila mwaka mpaka 2005. Jumla yake ni mara saba.

Baada ya dhahabu ya mwaka 2006 alitokea kwenye video ya bendi ya muziki wa roki mzito iitwayo HammerFall, yeye na timu yake na mafagio yao, na wazee wangu wanapoikumbuka wanacheka mpaka machozi. Nami naipenda video hiyo. Mwanamke wa karibu miaka arobaini akipewa nafasi ya kufurahi hadharani, wasichana wanaomtazama wanajua kwamba mbele yao bado kuna maisha.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote alilofanya ni lile la mwaka 2011. Baada ya Vancouver timu yake ilivunjika. Wenzake wa miaka mingi walipumzika. Alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki na mbili za dunia. Angekaa nyumbani nani angemlaumu? Akaunda timu mpya ya wasichana: Cecilia Östlund, Sara Carlsson na Liselotta Lennartsson, ambao walikuwa wadogo kwake sana kwa umri. Mwaka mmoja tu baadaye, Esbjerg huko Denmaki, wakaifunga Kanada 7-5 katika fainali wakawa mabingwa wa dunia. Anette alikuwa na miaka 44.

Hapo ndipo hoja ya "waachie wadogo zako" inapoanguka. Wale wasichana hawakupungukiwa kwa kuwa mama mtu mzima alibaki. Walipata dhahabu ya dunia wakiwa bado wabichi, wakiwa wamesimama karibu na mtu aliyewahi kupoteza fainali kubwa na anajua la kufanya mkono unapotaka kutetemeka. Mwaka 2009 tu, kule Gangneung, Korea Kusini, Anette alikuwa amepoteza fainali nyingine ya dunia, safari hiyo kwa China. Kijana anayecheza na mtu wa namna hiyo anajifunza kushindwa kabla hajashindwa mwenyewe. Kwetu tunamtoa mkubwa ili mdogo aingie, halafu tunashangaa mdogo anavunjika moyo kwenye mechi yake ya kwanza ya ugenini, kwa kuwa uwanjani hamna hata mmoja aliyewahi kuyapitia hayo.

Nimewahi kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye fedha. Ukumbi wa barafu ni ghali, kweli. Likizo ya siku 480 ni ghali, na serikali yetu haitaitoa kesho. Lakini mkeka chini ya mwembe pembeni ya uwanja wa netiboli, watoto wakae na bibi mmoja anayelipwa kidogo wakati mama zao wanafanya mazoezi, hauhitaji bajeti ya wizara. Kuandika kwenye katiba ya timu kwamba mchezaji aliyejifungua jina lake linabaki kwenye orodha ya usajili kwa misimu miwili hakugharimu hata shilingi. Kupanga zoezi moja la wiki saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi, badala ya yote kuwa jioni wakati wa kupika, ni uamuzi wa dakika tano. Na kumpa unahodha mama wa miaka thelathini na tano, hata kama anaanzia benchi, ni kutumia mali ambayo timu imeshailipia.

Viongozi wa timu za taasisi, ninyi mna nafasi kuliko vilabu vya mitaani, kwa sababu wachezaji wenu wengi bado ni watumishi wenu. Hawajaenda mbali. Wako masijala, wako mapokezi, wako zamu ya usiku wodini. Chukueni daftari la usajili la miaka kumi iliyopita, tafuteni majina ya wanawake yaliyokatwa mwaka waliojifungua, na mwende mezani kwao na saa ya mazoezi ya wiki ijayo.